Mguu wa Shemeji

Pale maabara walimwita Kobe, naye alishazoea. Kwa miaka kumi na moja mama huyu alikuwa akipeleka kwa gari sampuli za damu hospitali ya mji wa pili, kilomita sitini kwenda na sitini kurudi, na mshale wa spidi haukuvuka themanini. Mwendo huo aliurithi kwa baba yake, dereva wa teksi, aliyemfundisha kukanyaga mafuta kama mtu anayepapasa mgongo wa mtoto aliyelala. Baba hakuwepo tena kuona kwamba bado anakanyaga hivyo.

Gari la pili liliendeshwa na shemeji yake, mume wa mdogo wake. Huyo walimwita Risasi. Magari yalikuwa pacha, njia ileile, lakini la Risasi lilikunywa lita tatu zaidi kila safari. Meneja wa usafiri akaona jibu ni moja tu: jamaa anafyonza petroli. Akampa barua. Ijumaa akabidhi funguo.

"Haibi," Kobe alimwambia meneja. "Ana mguu mzito."

"Mama, huyo ni shemeji yako. Ungesema nini kingine?"

"Basi usiniamini mimi. Panda gari uone."

Wakakubaliana: gari la Risasi, tangi lijazwe mpaka mdomoni, watatu wote ndani, safari mbili, pampu moja.

Asubuhi Kobe akashika usukani. Gia ya juu, themanini, mguu umetulia. Akiona taa nyekundu kwa mbali, aliuondoa mapema gari lijiendee lenyewe. Meneja alisinzia mpaka wakarudi. Pampu ikajaza lita saba na kidogo.

Mchana ikawa zamu ya Risasi. Alikuja na shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, akafunga mkanda, akarekebisha kioo mara mbili. Walipouacha mji, Kobe alichungulia kutoka kiti cha nyuma. Sabini na tano. Shemeji yake alikuwa anajitia adabu mbele ya bosi. Wakirudi na lita saba, zile tatu za kila siku zitakuwa zimeibwa kweli, na mdogo wake atalala na mume asiye na kazi mwenye jina la mwizi.

Lori la mchanga likawapita.

"Shemeji," alisema Kobe, "hilo lori limekuaga?"

Risasi akalitazama lori likienda.

"Daftari la mlinzi wa getini linasema kila siku unakwenda na kurudi kwa saa moja na robo. Leo tulale njiani? Mdogo wangu aliniambia ameolewa na dereva."

Meneja akacheka. Hapo mguu wa Risasi ukasahau adabu. Mia, mia na kumi, mia na ishirini. Lori likabaki nyuma, upepo ukanguruma madirishani, meneja akakamata mpini wa juu kwa mikono miwili.

"Unausikia huo upepo?" Kobe alimwuliza. "Huo ndio mwizi wako. Ukizidisha mwendo unakuwa ukuta, injini inakunywa ili iusukume."

Kwenye pampu wote watatu wakakodolea kioo cha lita. Namba zikapita saba, nane, tisa. Zikasimama kumi na nusu. Meneja akatazama saa yake: safari nzima imechukua saa moja na dakika kumi na nne. Akamwomba Risasi ile barua, akaichana vipande vinne.

"Huyu haibi," alisema, akikaa kwenye ukingo wa sakafu ya pampu. "Huyu anaumwa mguu. Mama, kuanzia Jumatatu wewe ndiye utakayewafundisha madereva wote."

Risasi alimfuata Kobe mpaka kwenye gari lake. "Dada, ungeninong'oneza tu."

"Ningekunong'oneza mbele yake, angesema tumepanga. Sasa kampigie mkeo simu."

Kesho yake madereva walisogea kwenye benchi kumpa nafasi. Hakukaa. Alichukua funguo zake akatoka getini kwa mwendo wake uleule na, yeye ambaye hajawahi kumpigia mtu honi, aliipiga mara tatu.