Sanduku Lililotangulia Kojani

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili na nilikuwa najua kila kitu. Nasema hivi bila ya haya, maana walionijua siku zile wapo, na wasiponisikia nikikiri watakusimulieni wenyewe. Nilikuwa mwalimu katika skuli ya wasichana Chake Chake, sijaolewa, nakaa kwa shangazi yangu, na kila nikitoka kusomesha nilikuwa mtu wa kamati.

Kamati yetu haikuwa na ofisi wala bendera. Tulikuwa watu saba tunaokutana barazani kwa mwenyekiti baada ya alasiri, kila mmoja na kazi yake ya kumlisha, na hakuna aliyelipwa hata kikombe cha kahawa isipokuwa hicho alichokunywa pale. Wakati ule masomo ya Pemba yalikuwa yakikomea darasa la nane. Aliyefaulu ilibidi avuke kwenda Unguja, na waliofaulu wengi walibaki kwao kwa kukosa shuka na viatu. Sisi tulikuwa tukiwatafutia. Mshonaji mmoja wa mjini akishona sare bila ya kulipwa, wanawake wa Mgogoni wakisuka mikeka, na msimu wa karafuu wenye mashamba wakitoa kila mmoja alichojaaliwa. Tena kila mtoto alipewa mlezi miongoni mwetu, wa kumwandikia barua, kumtafutia mwenyeji mwema huko Unguja, na kumkemea akilegea. Hiyo ya kukemea nilipewa mimi kwa wingi.

Mwenyekiti alikuwa karani mstaafu wa ghala la karafuu, mpole, kofia yake ya kiua, ya kudariziwa kwa mkono, haijapata kukaa upande. Alikuwa na sharti moja tu, na alilirudia kila kikao: ruhusa ya mzazi kwanza, sanduku baadaye. Nilikuwa nikimsikiliza kama unavyomsikiliza mtu anayekuambia chumvi hutiwa kwenye mchuzi.

Mwaka huo msichana wangu alikuwa wa Kojani, kisiwa kidogo cha wavuvi upande wa mashariki ambako huendi ila kwa mtumbwi. Mama yake alikuwa amekufa, na kwa ajili ya skuli alikaa Chake Chake kwa mama yake mdogo. Mchana alikuja kwetu nikimpitisha hisabati uani. Alikuwa msichana wa maneno machache, lakini nikikosea hesabu ubaoni alikuwa akiinuka, anafuta jibu langu kwa kiganja, anaandika la kwake, anarudi kukaa. Wanafunzi wengine walinisifu, yeye alinisahihisha. Nilimpenda kwa hilo kuliko wote, na sioni sababu ya kuficha.

Majibu yalipotoka alikuwa amefaulu. Meli ya Unguja ilikuwa iondoke bandari ya Wesha siku ya Jumatatu, wiki moja na kitu mbele. Yeye alikuwa keshakwenda kwao kupumzika, na mama yake mdogo ndiye aliyeniletea habari nyingine pamoja na pongezi. Mtoto kaposwa. Mposaji alikuwa kijana wa papo hapo Chake Chake, mtoto wa binamu wa baba yake, nyumba ya wauza nguo. Baba alikuwa hajajibu. Alisema atajibu kabla ya kwenda dago, yaani ile safari ya wavuvi ya kupiga kambi mbali na kwao kwa wiki na wiki, na dago lenyewe lilikuwa litoke Jumamosi.

Hapo ndipo nilipojiona hodari. Nilisema moyoni, mzee huyu akiletewa maneno matupu atajibu posa, lakini akiliona sanduku limejaa, tayari, la mwanawe, ataona skuli ni jambo la kweli. Nikachukua sanduku la bati alilotupatia mwenye duka mmoja, nikalipanga kwa orodha ya skuli. Chini kabisa niliweka madaftari, kamusi na vitabu vya hisabati. Juu yake shuka, sare, doti mbili za kanga, makubadhi, kitana, kioo na sabuni za kunukia. Nikaona si adabu kupeleka mzigo nyumbani kwa watu bila ya kitu cha mama mkubwa wa nyumba, nikatia na kifuko cha halua na udi kwa ajili ya bibi yake. Kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha nyesha, nikalifunika kwa kanga mpya na kulifunga. Nikawapa Wakojani waliokuwa wameleta samaki sokoni. Wakauliza wasemeje. Nikawaambia, semeni limetoka Chake, wenyewe wanafuata Ijumaa.

Mpemba yeyote anayesoma hapa keshajishika kichwa. Mimi mwenyewe ni Mpemba, nimecheza ngoma kwenye harusi zisizo idadi, na sikuona kitu. Akili yangu yote ilikuwa kwenye madaftari.

Ijumaa nilikwenda pamoja na mwenyekiti. Nilimwambia habari za sanduku tukiwa tumo ndani ya mtumbwi, ili asiweze kurudi. Alivua kofia, akaipangusa, akaivaa tena, na kwa mtu kama yule hayo yalikuwa matusi.

Tulipokanyaga pwani watoto wakatukimbilia wakipiga kelele. "Wenye sanduku hao! Wenye sanduku waja!" Wanawake wakatoa vichwa madirishani. Hakuna aliyecheka.

Bibi yake msichana alitupokea ukumbini. Alikuwa mfupi, mkavu, ana macho ya mtu aliyekwisha kuzika na kuzalisha kijiji kizima. Nikampa shikamoo, akaitikia, akatuketisha mkekani, akamwacha mwenyekiti apumue kwanza. Halafu akanigeukia mimi.

"Mwanangu, sanduku lile la nani?"

"La kwetu, bibi. La kamati."

"Kamati ndiyo mtoto wa nani?"

Ikabidi nieleze, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoyaona mambo yalivyokwenda. Sanduku limeingia limefunikwa kanga mpya, kama lifunikwavyo sanduku analoleta bwana harusi. Limetoka Chake, na mposaji ni wa Chake. Likafunguliwa mbele ya majirani, juu pana kanga, kioo, sabuni za kunukia, halua na udi. Vikapigwa vigelegele. Udi ukafukizwa, halua ikagawiwa nyumba kwa nyumba. Kisha likafungwa na kusukumwa chini ya kitanda, maana sanduku la mwari halipekuliwi mpaka siku ya harusi yake. Yaliyokuwa chini ya shuka hakuna aliyeyaona.

Siku ya pili habari zikafika kwa binamu. Nao wakajibu kwamba wao hawajatuma sanduku, na kama nyumba hiyo imepokea la watu wengine, basi posa yao wameiondoa. Baba akatuma mtu kueleza kwamba alidhani ni lao. Hawakutaka kusikia.

Baba mwenyewe alikuwa mlangoni, anafunga gunia la vyombo vya dago. Alikuwa ametugeuzia mgongo muda wote. Sasa akageuka, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ukumbi ulivyohitaji.

"Mie siku tatu hizi nikenda msikitini natazamwa! Binamu yangu kanuna, watu waniuliza bwana harusi nani, nami sijui. Na sasa mwaniambia ni mabuku? Lichukueni sanduku lenu mwende nalo."

Mwenyekiti alianza kuomba radhi kwa maneno yake mazuri ya kikarani. Nikamkata. Nilisema kosa si la kamati, ni langu peke yangu, mwenyekiti amenikataza mara mia na mimi sikumsikia. Nilikuwa na hasira, kwa sehemu kubwa juu ya nafsi yangu, lakini nyingine kidogo juu ya dunia nzima inayoona kanga na isione kitabu. Nikiwa nasema hivyo nilimwona msichana, amesimama nyuma ya pazia la chumbani, nusu ya uso nje. Alikuwa hamtazami baba yake. Alikuwa ananitazama mimi, vile vile anavyotazama ubao kabla ya kuinuka kufuta.

Ni bibi aliyesema. "Sanduku haliendi."

"Mama," baba akasema.

"Haliendi, nakwambia. Limepigiwa vigelegele, halua imeliwa mpaka kwa imamu. Sanduku lishapokewa haliondoki ila na mwari wake. Likitoka humu peke yake, mtoto huyu watu watauliza ana kasoro gani hata posa imkimbie na sanduku limkimbie, wiki moja! Atazeeka mikononi mwangu."

"Basi bwana harusi nani?"

Bibi akanielekeza kwa kidevu. "Huyo hapo. Kalileta yeye, na amtunze yeye."

Nyumba ya pili mtu akacheka, maana ukuta mzima ulikuwa una masikio. Mimi sikucheka. Niliona mlango umefunguka upana wa kidole, na nikaingiza mguu.

"Nakubali," nikasema. "Nitamwandikia kila wiki. Akiumwa nitavuka mwenyewe kumwangalia. Kila likizo nitampokea Wesha na kumleta mpaka kizingiti hiki, na nguo yake ikichanika itakuwa yangu iliyochanika."

"Na akishindwa masomo?" baba akauliza.

"Hashindwi."

"Weye wajuaje?"

"Nimemsomesha mimi."

Mwenyekiti alikohoa. Baba akalitupa gunia begani. "N'tafikiri," akasema, akatoka.

Hilo lilikuwa neno lake la mwisho, na dago lilikuwa linatoka kesho yake. Bila ya ruhusa yake msichana hakuwa wa kwenda popote, bibi aseme asemavyo. Njia nzima ya kurudi mwenyekiti hakunilaumu, na mimi ningependa angenilaumu. Jumamosi tukasikia dago limeondoka Kojani. Nilijifungia chumbani kwa shangazi nikalia kwa sauti, mwalimu mzima.

Hata hivyo Jumatatu asubuhi nilikuwa Wesha, maana sikuumbwa kukaa nyumbani. Mwenyekiti naye alikuwapo, tiketi ya msichana imo ndani ya kofia yake. Abiria walikuwa wakipanda mashua za kuwapeleka melini. Mashua ya kwanza ikaenda, ya pili ikaenda. Nahodha wa ya tatu akauliza kama bado kuna mtu. Nikamwambia asubiri. Akauliza amsubiri nani. Nikamwambia asubiri tu, kwani ana haraka ya kwenda wapi!

Wakatokea kwenye mteremko, watatu. Bibi mbele na mkongojo wake, msichana nyuma yake ndani ya buibui jipya, na nyuma kabisa baba yake, ametoka jasho, sanduku la bati kichwani. Wenzake walikuwa wamekwenda dago bila ya yeye.

Alilitua miguuni pangu. "Mke wako huyo," akasema. "Akirudi amekonda n'takudai talaka yake."

Nikacheka na machozi yakanitoka pamoja, na sikuyafuta. Mwenyekiti akavua kofia na kutoa tiketi kana kwamba anatoa hirizi. Msichana akambusu bibi yake mikono, akambusu baba yake mikono, halafu akanikumbatia mimi, mdomo wake sikioni mwangu.

"Mwalimu, mie nalijua," akaninong'oneza. "Nilipoambiwa nilisukume chini ya kitanda halikusukumika kwa wepesi. Nguo hazina uzito ule. Nikaona nikisema litarudishwa, n'olewe. Nikanyamaza."

Siku tatu nyumba nzima imewaka moto, na yeye kakaa kimya ndani ya chumba chenye sanduku. Nilimshika mabega nimtazame vizuri.

"Akwambia nini?" baba yake akauliza.

"Aniaga tu," nikajibu.

Mashua ikang'oka. Tulisimama mpaka hatukuweza tena kumtambua yupi ni yeye miongoni mwa mabuibui. Mwenyekiti akamchukua bibi kwenda kumtafutia chai. Baba alibaki kando yangu, akijikanda shingo mahali sanduku lilipokuwa limemlemea. Nikamwambia kwa majivuno yangu yote kwamba sikutegemea kama maneno yangu ya Ijumaa yangemgeuza.

"Maneno yako?" Akanigeukia. Hakuwa anacheka, lakini hakuwa mbali na kucheka. "Siku ile wachuuzi walipolileta, nani alilibeba kutoka pwani mpaka nyumbani? Si mie? Nalibeba kichwani, kama leo. Nguo za mwari nazijua uzito wake, mwalimu. Mama yake nilimpelekea."

Akaniaga kwa heshima, akapanda mteremko kwenda kutafuta gari ya kumrudisha yeye na mama yake upande wa pili, ili aliwahi dago lake.

Nilibaki pale nimesimama. Alikuwa anajua tangu saa ya kwanza. Ile posa hakuitaka, na binamu humkatalii bila ya kuanzisha vita vya ukoo, mpaka aiondoe posa yake mwenyewe. Kwa hiyo alilipokea sanduku, akaacha vigelegele vipigwe, akala aibu ya msikitini siku tatu, na Ijumaa akanipigia kelele kubwa ili majirani wasikie. Bibi alifanya yaliyobaki, kwa kujua au kwa kutojua, hilo sikuthubutu kumuuliza. Baba hakujua kama binti yake naye anajua. Binti hakujua kama baba anajua. Kila mmoja alikuwa akimficha mwenziwe jambo lile lile, chini ya paa moja, kwa ajili ya kitu kimoja.

Na mimi, niliyekuwa najua kila kitu, ndiye peke yangu nisiyejua. Nilikwenda zangu sokoni nikanunua karatasi na bahasha, nikaiandika barua ya wiki ya kwanza siku ile ile.