Wifi Hataki Kufa

Fundi cherehani wa sare za shule alikuwa na daftari moja la vipimo, na humo humo, katikati ya viuno na mabega ya watu, aliandika filamu kwa miaka minne. Mumewe alipoona daftari halimtoki mkononi alidhani wateja wameongezeka, akawa anajisifu kwa majirani.

Katika filamu hiyo dada wa mume alikuwa na mdomo, na kazi ya kufunua masufuria ya watu na kuonja chumvi. Yeye na wifi wa fundi walifanana kama shilingi kwa ya pili, ila wa kwenye filamu alikufa kwa homa ukurasa wa tisa. Siku alipomuua, fundi alilala usingizi mtamu.

Akauchapa mswada kwenye simu, akautangaza mtandaoni. Mwezi wa tatu mnunuzi akajibu: naununua, lakini huyo dada asife. Aseme mpaka mwisho. Niongezee kurasa ishirini kufikia Ijumaa.

Fundi akafungua daftari. Maneno yote ya yule mwanamke aliyaokota kwa wifi mwenyewe; la kubuni hakuwa nalo hata moja. Basi kila wifi alipokuja, fundi alimvutia kiti, akamsikiliza, penseli tayari. Na wifi, ambaye kwa miaka kumi na moja hakuwahi kusikilizwa hivyo, akalainika.

"Leo umependeza, wifi yangu."

Siku tatu, sifa tupu, hakuna neno la kuandika. Alhamisi fundi akaona potelea mbali, akamkabidhi simu asome mswada. Wifi akausoma midomo ikicheza, hadi ukurasa wa tisa.

"Umeniua?"

"Nisamehe, wifi..."

"Tena kwa homa! Mimi wa kufa na homa ya siku mbili? Na kaka yangu kakaa kama gunia, hata maji haniletei! Eti naonja chumvi! Chumvi yako mtu anaiona kwa macho, haina haja ya kuonja!"

Fundi alikuwa anaandika mbio, mkono umeingia ganzi, huku wifi akipiga meza ya kukatia vitambaa mpaka mkasi ukaanguka.

Kisha wifi akakaa. Akauliza polepole, "Mbona kwenye mazishi yangu hakuna aliyelia?"

"Yanafutwa hayo. Mnunuzi hataki ufe."

"Mnunuzi simjui. Nakuuliza wewe."

Fundi akaweka penseli chini. Aliona aibu.

"Sitaki ufe, wifi. Sitaki kabisa."

Wifi akamtazama, akajifuta pua kwa kipande cha sare.

"Haya, shika penseli. Ya chumvi sijamaliza."