Mahali pa Kukataa Gari

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika yadi ya magari ya Croydon, London, nimevaa viatu vya kisigino. Loo! Nilidhani dereva anayepeleka magari ya watu sharti apendeze. Mzee mmoja Kalasinga, kilemba cha buluu kichwani, alikuwa ameinamia injini akipima oili. Kwa mazoea ya kwetu Morogoro mdomo ukanitoka wenyewe: "Shikamoo."

Hakuinua hata uso. "Marahaba, dada. Hivyo viatu ni vya harusi. Kesho njoo na raba."

Nusura nianguke. Kumbe mzee kazaliwa Mwanza, amehamia Tooting ukubwani, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha binamu zangu wa hapa Ilford. Cheo chake kilikuwa Dereva Mkuu, na hivyo ndivyo nitakavyomwita, maana mpaka leo sijakutana na aliyestahili cheo kama yeye.

Ninyi vijana mnaoitazama teksi ikija kwenye simu hamtaielewa kazi yetu nisipoifafanua. Wazee wa Kiingereza waliostaafu walihamia Hispania kufuata jua, magari yao yakabaki huku. Sisi tuliyaendesha hadi mlangoni kwao. Kurudi kulikuwa shauri lako: unarudi kwa kuomba lifti, na ndiyo iliyokuwa desturi ya kazi hiyo tangu zamani. Ndani ya Uingereza haikuwa taabu. Tulibeba vibao vya namba vyenye maandishi mekundu, vya kufunga kwenye gari lililo mikononi mwa wafanyabiashara wa magari, na ukisimama barabarani umevishika, dereva wa lori anajua huyu mwenzangu, anasimama. Ukivuka bahari, vibao vile ni bati tupu. Unabaki mwanamke mweusi mwenye mkoba kando ya barabara, basi.

Nilianza kwa kuosha magari, nikapandishwa njia ya Birmingham, halafu Scotland, ambako nilivaa soksi mbili mbili mpaka mwezi wa sita. Kisha nikaomba Hispania. Mkuu wa Ofisi, Mwingereza mrefu asiyetaka maneno mengi, akakataa. Hakuna mwanamke aliyewahi kupewa njia ile. Dereva Mkuu akamganda, kila chai ya asubuhi anamkumbusha, mpaka mwenyewe akachoka.

"Haya," Mkuu wa Ofisi akaniambia. "Peleka gari Valencia. Jumatatu asubuhi uwe mbele ya meza hii. Ukichelewa, njia ya Hispania si ya wanawake, na tusilizungumze tena."

Mshahara wa njia ile ulikuwa mnono, sikatai. Lakini haki ya Mungu, niliitaka njia yenyewe. Nilitaka kuendesha kutwa nzima juani, mimi na barabara yangu. Na nyuma yangu kulikuwa na akina dada wengine wawili pale yadini, wanangoja waone nitarudi vipi.

Kabla sijaondoka, Dereva Mkuu alinikalisha kwenye kijiko cha yadi, ile mashine ya kuinulia magari mabovu, akanifundisha namna ya kutoka kwenye mji wa Hispania.

"Kosa la kila mgeni ni kusimama katikati ya mji na kidole gumba hewani," alisema. "Pale kila gari linakwenda sokoni. Wewe panda treni ya vitongoji mpaka nyumba ziishe. Kisha tafuta kituo cha mafuta cha mwisho kabla ya ile barabara kuu ya kulipia. Wa safari ndefu wote hujaza tangi pale."

"Kwa nini nisisimame kwenye kipilefti? Si ndiko wanakopunguza mwendo?"

"Kwenye kipilefti wao ndio wanakuchagua wewe. Kwenye mafuta mtu ameshuka. Unamwona uso, unaona kama ana mke na watoto, unamsalimu, unasikia anavyojibu. Wewe ndiye unayechagua. Na penye wengi hapaharibiki neno."

Akaniambia kwenye kipande cha boksi niandike mji wa jirani tu, maana ukiandika London watu wanacheka wanapita. Akaniambia mchana baada ya chakula Hispania yote inalala, kwa hiyo nisikate tamaa barabara ikiwa tupu. Niingie kwenye mgahawa ambao malori yameegeshwa nje.

"Jambo la mwisho ni mkoba wako. Mtu akiugusa kabla hujakubali, huyo ameshaamua kwa niaba yako. Mkatalie. Mahali pazuri pa lifti si pale magari yanaposimama, dada. Ni pale unapoweza kulikataa gari."

Nikacheka kimoyomoyo. Nani anayetafuta gari akalikataa?

Jumamosi nikakabidhi gari Valencia kwa bibi na babu waliolipapasa kana kwamba ni mtoto aliyerudi kutoka bweni. Nikapanda treni kuelekea kaskazini, nikashuka nyumba zilipoisha na mashamba ya machungwa yalipoanza. Kituo cha mafuta kilikuwa palepale, na mgahawa pembeni, na malori uani, kama mzee alivyosema. Na kweli, Hispania yote ililala. Niliketi na boksi langu mapajani mpaka jua likahamia upande wa pili wa pampu.

Ndipo likaingia gari la kijivu, kubwa, jipya, namba za Uingereza. Moyo ukaniruka! Akashuka bwana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"London."

"Mimi Calais, bila kusimama. Kesho asubuhi tuko kwenye meli."

Kesho ilikuwa Jumapili. Jamani! Ningefika Croydon kabla hata ofisi haijafunguliwa. Lakini kabla sijafungua kinywa, bwana yule alishanyanyua mkoba wangu na kuelekea nao kwenye buti. Nikamwona anavyotembea, hata hageuki kunitazama kama nafuata.

"Samahani," nikamwita, "rudisha. Namngoja mwenzangu."

"Mwenzako yupi? Umekaa hapa peke yako."

"Yuko ndani anakula."

Nikaingia mgahawani, nikasimama karibu na kaunta watu walipokuwa. Aliuacha mkoba chini, akaondoka kwa kishindo. Mpaka leo sijui kama alikuwa mtu mbaya. Pengine alikuwa na haraka zake tu. Ila nilipoliona lile gari linaingia barabara ya kulipia, nililia. Nilimlaani Dereva Mkuu na hekima zake zote.

Dereva mmoja wa lori la machungwa alikuwa mezani na mkewe, ambaye husafiri naye. Yule mama aliponiona nalia, akanivutia kiti kwa mguu, akanisukumia mkate. Walikuwa wanapeleka mzigo London. Wakanichukua, na mkoba wangu nikaupakata mwenyewe njia nzima huku mama akinimenyea machungwa. Lakini sheria ya malori haina mchezo: kuna kifaa kinachorekodi saa za dereva, zikitimia sharti apumzike, hata kama wewe una Jumatatu yako. Tulipumzika, tukapumzika tena.

Niliingia yadini Jumatatu alasiri.

"Nilisema asubuhi," alisema Mkuu wa Ofisi.

"Ndiyo, bwana."

"Hukupata gari?"

"Nililipata mapema. Nikalikataa."

Akatikisa kichwa, akavuta simu kana kwamba mazungumzo yamekwisha. Dereva Mkuu alikuwa amesimama dirishani. Akaja mezani taratibu, akatoa mfukoni funguo za gari lake la safari ya kesho, akaziweka mbele ya bosi.

"Mimi ndiye niliyemwambia akatae," alisema. "Kama hilo ni kosa, basi na mimi njia hii si yangu."

Mzee mwenye wajukuu, amebakiza kidogo astaafu! Mkuu wa Ofisi alizitazama zile funguo, akamtazama mzee. Mwishowe akazisukuma, siyo kwa mzee, kwangu.

"Alicante," akasema. "Kesho."

Nje nilitaka kumshukuru, nikamkuta anajifuta macho kwa ncha ya kilemba. "Dada," akasema, "tangu Jumamosi nimeogopa jambo moja tu. Niliogopa utawahi."

Niliendesha njia ile mpaka nilipostaafu, na wale akina dada wawili wakanifuata. Dereva Mkuu alifariki zamani, tukamuaga. Nilisimama na wanawe siku hiyo kama mmoja wao.

Sasa mjukuu wangu anasoma Valencia. Ukimsemesha Kiswahili hujibu kwa Kiingereza, na mawaidha yangu ya vituo vya mafuta huyasikiliza macho yakiwa kwenye simu. Pasaka hii alikuwa aje Ilford kula pilau. Angepelekwa uwanja wa ndege wa Valencia na mtu aliyempata huko huko kwenye simu. Asubuhi, nyama iko motoni na wageni bado hawajafika, simu ikalia.

"Bibi," akasema, kwa Kiswahili, polepole, akilitafuta kila neno, "alichukua begi langu. Nimekataa gari. Nitachelewa."

Nikakaa kwenye kigoda cha jikoni.

"Chelewa, mjukuu wangu," nikamwambia. "Pilau nitalifunika."