Swichi Niliyoificha Nyuma ya Stashahada

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, si ile niliyovaa joho nikakabidhiwa stashahada yangu ya umeme mbele ya Wazungu, ingawa hiyo nayo naikumbuka vizuri na picha yake unaijua. Ninayoikumbuka ni Jumapili moja kijijini kwetu Samuye, niliposimama ndani ya ghala la pamba jasho likinitiririka, nikawaambia watu walionijua tangu nikichunga ng'ombe kwamba nilikuwa nimewadanganya.

Nakusimulia kwa sababu umeniandikia kutoka Katoro kwamba nyumba yako imefika kwenye kufunga umeme, na dukani wamekuonyesha swichi za kisasa, nyingine zinawashwa kwa simu, nyingine zinasikia sauti. Unaniuliza uchukue ipi. Umemuuliza mtu anayejua. Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kuvuka bahari kusomea umeme, na nilivuka kwa akili yangu mwenyewe, hakuna mjomba aliyenibeba. Lakini jibu langu halitoki chuoni. Linatoka kwa mama yangu, ambaye hakujua kusoma, na kwa mzee mmoja aliyejifunza umeme kwa kushika waya.

Nilirudi mwanzoni mwa miaka ya themanini. Wakati ule hata sabuni ilikuwa ya foleni, na nyumba yenye umeme Shinyanga ilihesabika. Nilijenga Ngokolo, mjini hapo hapo, nikafunga umeme mwenyewe kila waya, na mpaka leo hakuna fundi aliyewahi kupata kosa katika kazi yangu. Wenzangu waliorudi nami walileta redio na makoti ya baridi ambayo hawakupata pa kuyavaa. Mimi nilileta kisanduku kidogo kuliko tofali. Ndani yake kulikuwa na kitu kama sikio: kikisikia kishindo kikali, kofi kwa mfano, kinawasha taa, kikisikia kingine, kinazima. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa ndiyo akili ya mwisho ya swichi.

Swichi ya kawaida ya sebuleni nikaing'oa. Kisanduku nikakichimbia ukutani, na juu yake nikatundika stashahada yangu ndani ya fremu ya kioo. Hapo ndipo penye kosa, ingawa mimi niliona ndipo penye ufundi.

Wageni wakija jioni nawaacha wakae kwanza gizani kidogo, wakohoe, waulizane kama umeme umekatika. Kisha nasimama katikati ya sebule na kusema, "Taa, njoo," na kupiga kofi moja kama mtu anayemharakisha mtoto. Sebule yote inawaka. Watu wakashika lile neno, hakuna aliyeshika kofi. Wakijaribu wenyewe kusema "Taa, njoo," taa haiji, nami najibu kwa upole, "Hii inamjua mwenye nyumba." Wahenga walisema vyaelea vimeundwa, lakini mimi nilitaka watu waone vinaelea tu, wasijue vimeundwaje. Sifa ile ilikuwa tamu, mwanangu. Nisidanganye mara ya pili maishani.

Mwaka huo, baada ya mavuno, nikamleta mama kutoka Samuye apumzike. Tulimwita Mayu, kama Wasukuma wanavyowaita mama zao. Alikuwa amepika kwa kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba maisha yake yote, na moshi ule ulikuwa umemwachia macho mekundu yasiyokauka machozi. Nilisomeshwa na macho yale. Na Mayu alikuwa mtu wa heshima ya zamani: mgeni akiingia, anapiga goti, anakunja viganja na kupiga makofi mawili mazito, ndipo anaamkia. Hajui kuamkia vinginevyo.

Unaona kilichokuwa kinakuja. Mimi, mwenye stashahada, sikukiona.

Jioni ya kwanza waliingia majirani wawili, Mama Shija na shemeji yake. Mayu akapiga goti. Kofi la kwanza, taa ikazima. Kofi la pili, ikawaka. Wageni wakacheka, nami nikacheka. Siku ya pili akaja muuza maziwa wa Samuye, akakuta taa zinawaka. Mayu akapiga makofi, kumbe la pili halikusikika vizuri, sebule ikabaki giza. Hakuna aliyecheka sana. Siku nyingine sufuria ikamponyoka Mayu jikoni, sebuleni taa ikazima. Mama Shija akaniuliza mlangoni, kwa sauti ya chini, "Baba, si ulisema taa inakujua wewe peke yako? Mbona na bibi inamjua? Tena yeye haisemeshi hata neno."

Hapo ningetoa fremu ukutani nikamwonyesha. Dakika moja tu. Nikafikiri juu ya sifa yangu, nikamjibu, "Mzee wangu naye ana mambo yake," nikacheka.

Kwetu makofi ya kuamkia ni kama kupumua. Hakuna anayeyahesabu kuwa ni kitu. Kwa hiyo watu hawakuona makofi. Waliona kikongwe mwenye macho mekundu akiingia, na mwanga ukimkimbia. Wewe umekulia Usukuma, huna haja niseme maneno gani hufuata. Bibi wengi wameuawa kwa kuitwa wachawi, na kosa lao ni macho yaliyoiva kwa moshi wa jiko. Muuza maziwa yule alirudi Samuye kila siku na baiskeli yake, na ulimi hauna mfupa.

Mayu akarudi kijijini mvua zilipokaribia, akalime. Wiki mbili baadaye, asubuhi, alinijia Mzee Luhende. Huyu alikuwa jirani yake kule Samuye, fundi umeme mstaafu wa mgodi wa almasi. Darasa la nne hakumaliza, na mimi, nasema kwa aibu, nilikuwa namdharau. Nikamwamkia shikamoo, akajibu marahaba bila kunitazama. Alikuwa na karatasi mkononi.

"Hii iliwekwa chini ya jiwe mlangoni kwa mama yako," akasema. "Inasema aondoke kabla watu hawajaanza kupanda."

Nikasema nitakwenda leo hii, nitawaambia hiyo ni elimu ya umeme, wao ni wajinga tu.

"Keti," akasema. "Nionyeshe kwanza hiyo elimu."

Nikatoa fremu. Akakitazama kisanduku, akapiga kofi moja, taa ikawaka mchana kweupe. Akapiga tena, ikazima. Hakutabasamu.

"Ng'wanawane," akaniita, yaani mwanangu, "kule mgodini nilipoanza kazi, Mzungu alinipa sheria moja kabla ya kunipa bisibisi. Swichi iwe mahali ambapo mtu asiyejua chochote anaipata kwa kupapasa. Kwa sababu siku ya hatari, anayekuwa karibu nayo si fundi. Wewe umefunga swichi ambayo mgeni haioni, na mama yako anaizima bila kujua. Hiyo si swichi. Huo ni mtego, na aliyenaswa ni aliyekuzaa."

Nikamwambia basi nitaeleza.

"Utaeleza nini? Watasema mtoto anamfunika mama yake. Hao unaowaita wajinga, ni wewe uliyewaambia taa inakujua. Walikuamini kwa kuwa umesoma. Sasa wapelekee kitu chenyewe, wakishike."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi lilikuwa limeshavunjika, nikasikia. Tulikichomoa kisanduku siku hiyo hiyo. Mzee Luhende ndiye aliyepata njia ya kukifanya kifanye kazi kijijini pasipo na umeme: tukaazima betri ya lori, tukafunga na taa ya gari. Nakiri kwamba waya mbili nilizikosea na yeye akazirekebisha.

Jumapili watu walipotoka kanisani, mwenyekiti wa kijiji, kwa ombi letu, aliwaita kwenye ghala la pamba, kwa kuwa ndani mle kuna giza hata saa sita mchana. Mayu alikaa kwenye gunia karibu na mlango, khanga imefunika macho. Hakuna aliyekaa karibu naye. Umbali ule kati ya gunia lake na watu wengine, mwanangu, ndio ulioniumiza kuliko karatasi.

Nikasema nilichosema. Kwamba taa haikuwa inanijua. Kwamba kofi ndilo lililokuwa likiiwasha, na nilificha sikio lake nyuma ya stashahada ili nionekane mkubwa. Mzee mmoja wa mbele akaniuliza taratibu, "Ulisoma miaka mingapi huko?"

"Minne, baba."

"Minne, ili uje kutudanganya na kofi." Watu wakaguna.

Mzee Luhende hakungoja. Akakiweka kisanduku juu ya mzani wa pamba, akamwambia mwenyekiti apige kofi. Mwenyekiti akapiga la kinyonge, taa haikuwaka. "Piga kama una mikono," mtu akasema nyuma. Akapiga, ikawaka. Kisha mkewe akapiga, ikazima. Wakajipanga: vijana, wanawake wenye watoto mgongoni, katekista. Muuza maziwa alijificha nyuma ya magunia, wakamvuta. Akapiga, ghala likaingia giza. Mwanamke mmoja akasema, "Basi kumbe wachawi tuko wengi. Tukifukuzwa wote, nani atabaki kupika?" Kicheko kilichofuata kiliwasha na kuzima ile taa mara tatu, maana watu walikuwa wakipigapiga mapaja, na kisanduku hakijui kubagua.

Mwenyekiti akamgeukia Mayu. "Na wewe mama, njoo upige, tumalize."

Mayu akafunua uso. "Sipigi," akasema. "Mimi makofi yangu nilikuwa nawaamkia watu. Sikuwa nacheza na taa. Atakayekuja kwangu nitampigia, nyumbani kwangu, ambako kuna kibatari."

Halafu yule mwanamke mwenye mzaha akaondoka alipokuwa, akaenda akaketi kwenye lile gunia, ubavuni kwa mama yangu. Wa pili akafuata.

Nisikupambe: si wote. Ipo nyumba moja iliyoendelea kuwakataza watoto wake kupita kwa Mayu, mpaka alipofariki kwa uzee, kitandani mwake, na mimi nimemshika mkono. Lakini karatasi nyingine haikuja, na mbegu zake alizipanda mwaka ule na kila mwaka uliofuata. Maji yakimwagika hayazoleki; nilibahatika tu kuwahi kabla mtungi haujamwagika wote. Wapo wana wengine, wasio na hatia kama yangu, ambao hawakuwahi.

Sasa nasaha yangu, na uisome kwa makini, kwa kuwa inatoka kwa mtu ambaye bado ni fundi bora kuliko hao wa dukani kwako.

Swichi nunua inayokubali kidole. Hiyo ya simu siikatai. Mimi si mshamba, na ningekuwa kijana ningeifunga kabla yako. Lakini iwe na kitufe ukutani kinachofanya kazi hata simu imezima, mtandao umepotea, na wewe uko mgodini Geita. Ikiwa bila simu yako nyumba inabaki gizani, usiilete ndani. Ishike mkononi ukiwa dukani, uibonyeze mara hamsini huku muuzaji akikununia. Mlio wake uwe mmoja, mkavu, usiwe wa kulegea. Ifungue nyuma, uone kama skrubu zinakaza waya kwelikweli au zinaigusa tu. Muulize nani Katoro anaweza kuitengeneza, na kama jibu ni kwamba haitaharibika, mrudishie. Vumbi la kwenu haliogopi maandishi ya kwenye boksi, na umeme wa kwenu unapanda na kushuka upendavyo. Iweke kando ya mlango, usawa wa mkono wa mtu mfupi.

Na siku ya kuhamia, kabla hujamkaribisha mtu yeyote akae, mwonyeshe kitufe. Mke wako, mama mkwe, msichana wa kazi, mlinzi, mtoto anayeanza kusimama. Mwambie hiki kinawasha hivi, na kinazima hivi, na ndani yake hamna kitu ila waya na ufundi. Choyo cha kuficha elimu kiache kwangu, mimi nilishakilipia. Kitu unachokijua peke yako nyumbani mwako hakikufanyi mkubwa, kinawafanya wenzako wawe katika hatari usiyoiona. Nami nimesoma, nimefundisha, nimefunga umeme kuanzia Ngokolo mpaka Ushirombo, sijaona somo zito kuliko hilo.

Mungu aibariki nyumba yako, mwanangu. Aijaze wageni wasioogopa kupapasa ukuta wake, na wazee wanaoamkia kwa sauti yoyote waitakayo. Akupe mikono isiyoficha, na watoto watakaokuuliza "hii inafanyaje kazi?", nawe uwe na subira ya kuwajibu wote.