Jeki ya Kuinulia Lori

Juzi, kwenye duka la vipuri hapa Mabawa, mume na mke walikuwa wakichagua jeki ya magurudumu. Mume alikuwa anasafiri, na gari lingebaki na mke. Mume akashika jeki kubwa kuliko zote.

"Hii inainua hata lori, kaka," muuzaji akasifia.

"Lori letu umelificha wapi, mume wangu?" mke akauliza. Akaikokota hadi kwenye kigari chao nje. Jeki haikuingia chini ya gari.

Akachukua jeki fupi, akafunga kanga kiunoni, akasukuma mpini juu chini mpaka tairi likaachia ardhi.

"Haya, sasa nasafiri kwa amani!" mume akacheka.

Mimi, mteja mwenzao niliyetoka nje kuwatazama, ninayeona haya kupiga vigelegele hata harusini, nilivipiga pale pale barabarani.