Mtihani Uliangukia Siku za Giza

Agnesi alinicheka mbele ya wanawake arobaini, na cheko lile sikulisahau hata siku moja. Ilikuwa kwenye mkutano wa kikundi chetu cha waanika dagaa hapa Kibirizi, ufukweni mwa ziwa. Katibu alikuwa anatafutwa, nikanyoosha mkono. Agnesi, mwenye vichanja ninavyoanikia, akasimama na kitenge chake kipya: "Stephania? Huyu aliyeishia kidato cha tatu? Atatuandikia nini, majina ya kunguru?" Wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Nilirudi nyumbani Katubuka nikimwambia Mungu kwa sauti kwamba mwanamke huyu atanikoma.

Nikajiandikisha mtihani wa kidato cha nne, mtahiniwa wa kujitegemea, na miaka yangu thelathini na moja. Shida ikawa muda. Kazi yangu inaanza alfajiri mitumbwi ikifika, inaisha jua likizama, siku zote saba. Utasoma saa ngapi? Usingizini? Basi nikawa nasubiri mbalamwezi. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika karibu wiki nzima, na sisi waanikaji tunapumzika nayo. Wiki hiyo nilishinda Kasingirima kwa mwalimu Gideon, tangu asubuhi hadi miguu inakufa ganzi.

Agnesi akanusa. Mbalamwezi iliyofuata akanipeleka shambani kwake kupalilia mihogo. "Unapumzika nini na mshahara wangu unakula?" Haya. Nikaanza kusomea kazini. Nilibana kurasa za daftari kwenye ufito wa kufukuzia ndege, nikawa nafukuza kunguru huku nakariri. Aliyeniokoa ni Kabura, mama aliyetoka Burundi zamani, anayeanika dagaa wake wachache pembeni ya vichanja vya Agnesi. "Soma, mwanangu, nitakugeuzia," ananiambia, na kweli anageuza wangu kabla ya wake. Siku moja Agnesi akalichukua daftari langu la Historia, akalichana, akawafungia wateja dagaa wa kuonja. Niliitazama tu ile mikono inavyochana.

Sasa sikia ujinga wangu. Mwaka juzi binti wa jirani alifanya mtihani huohuo mbalamwezi ikiwaka, nikajua ndivyo serikali ilivyopanga, kila Novemba mtihani na mbalamwezi pamoja. Ni sisi watu wa dagaa tu tunaoweza kuwaza hivyo. Sikuomba ruhusa mapema; ya nini, wakati kazi yenyewe itakuwa imelala? Ratiba ilipotoka, mwalimu Gideon akanionyesha wa kwanza: Jiografia, Jumanne, saa nane mchana. Nikapiga hesabu ya mwezi palepale. Giza tupu. Siku ambazo mitumbwi inarudi imejaa mpaka inakaribia kuzama.

Nikamwendea Agnesi. Nilipiga magoti, mimi!

"Shikamoo, mama. Naomba ruhusa ya siku za mtihani tu, nianze Jumanne mchana."

"Na dagaa wangu waanuliwe na nani, na mvua hizi?"

"Nitatafuta mtu."

"Usinitafutie mtu. Ukiondoka, usirudi."

Jumanne nikaanika kama kawaida, vichanja vyote, tena kwa ufundi. Agnesi akaenda mjini kumpokea mteja wake wa Dar. Kabura alikuwa amempeleka mjukuu kliniki, dagaa wake kaniachia mimi, kasema atawahi kurudi. Saa sita nikatazama ng'ambo, upande wa Kongo. Milima haionekani, wingu limekaa juu ya ziwa, jeusi ti. Kila mtu wa hapa anajua maana yake. Maturubai yalikuwa yamekunjwa miguuni pangu. Kufunika vichanja vyote ni robo saa, na hiyo robo saa nilikuwa nayo.

Nikanawa mikono, nikachukua kalamu, nikaondoka.

Mvua ilinikuta kwenye swali la tatu. Ilipiga bati mpaka msimamizi akawa anapaza sauti asikike. Wenzangu wakakunja nyuso. Mimi nilicheka peke yangu, nikiwaona dagaa wa Agnesi wanavyovimba na yule mteja anavyoziba pua. Lipa, mama. Lipia cheko lako! Sijawahi kuandika vizuri kama siku ile.

Jioni nilirudi Kibirizi makusudi, nimwone. Nikamwona. Agnesi kaketi mchangani, kitenge kimelowa chapachapa, mteja keshaondoka. Nilipita mbele yake polepole, sikumsalimu. Haki ya Mungu, nilishiba.

Mwisho wa vichanja nikamkuta Kabura kainama, anazoa dagaa wake waliogeuka uji, anawatia kwenye beseni. Alikuwa hana wengine. Mtaniuliza, nilimsahau? Hapana, sitadanganya. Nilimkumbuka nikiwa nanawa mikono. Kichanja chake ni cha kufunika kwa dakika moja, lakini niliogopa nikianza na chake moyo utalegea, nitafunika na vya Agnesi.

Akainua kichwa, akaniona, akajifuta mikono kwenye kanga yake, akatabasamu.

"Ehe, mwanangu. Mtihani umekwendaje?"