Vidole Vitatu vya Zahabia

Zahabia alizaliwa mtaa wa Mirongo, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake. Tulijuana tukiwa wasichana, nikimpelekea mama yake samaki, sato, mlangoni. Alikuwa na kicheko! Siku moja alicheka, meli ya Ukerewe iliyokwisha ng'oa nanga ikarudi, ikidhani imeacha abiria.

Alipoolewa, mama mkwe alimfundisha kukunja tambuu: jani, popoo, chokaa na tumbaku kidogo. Tangu hapo shavu lake la kushoto halikukaa tupu. Mimi ni wa Shirati. Bibi zetu walitufundisha kuvuta sigara moto ukiwa ndani ya kinywa, ili mamba wasituone tukichota maji. Mteja wangu wa samaki, Mzee Ngosha wa Bujora, yeye hunusa ugoro. Siku moja alipiga chafya, bati la paa lake likaokotwa Kisesa. Na kila mmoja wetu aliona mtumia tumbaku ni mwenzake.

"Mama Orwa, utaunguza ulimi," Zahabia alikuwa akinitania.

"Na wewe utakuja kulimeza shavu."

Mwaka huu kicheko kilikatika. Wali akawa anaula kwa kijiko cha chai, kikubwa hakipiti. Pilipili chembe tu, machozi. Shavuni kidonda cha miezi mitatu, eti ni jino. Nikamburuta hospitali.

Nesi, binti aitwaye Faith, akatuamkia, akashika kalamu. "Mama, unavuta sigara?"

"Sijawahi! Kwetu mwanamke havuti."

Faith akaandika, akampa cheti cha dawa ya kusukutua, akaita mwingine.

Nikasogea mezani. "Binti, muulize anatafuna nini. Tambuu ya tumbaku, miaka arobaini, hata usingizini."

Zahabia akawaka. "Usimsikilize! Huyu juzi kasema alivushwa ziwa na kiboko!"

Foleni nzima ikacheka, Faith naye.

"La kiboko nilitunga," nikasema. "Hili sikutunga."

Nikamwonyesha shavu la Zahabia kwa kidole. Faith akaacha kucheka. "Mama, panua kinywa, ingiza vidole vitatu vikiwa wima. Kinywa kizima huvipokea vyote."

Kikamwingia Zahabia kimoja. Cha pili kikagonga meno.

Faith akamnyang'anya kile cheti, akakichana, akaanza kuandika kingine, aonwe na daktari wa kinywa leo hii. Zahabia akafungua leso yake, akaiweka tambuu mezani. Hakunitazama.

"Binti," akasema polepole, "na huyu mwenzangu muulize, moto wa sigara huwa anauweka wapi."

Nikafumba kinywa.